Somo la Afya ya Ngozi: Akijikuna Mmoja, Itibiwe Nyumba Nzima

Ndugu wakaaji wa Quitunda, wenyeji na wageni,

Katika karatasi hii tutajifunza juu ya magonjwa ya ngozi yanayoambukiza. Watu wengi huyadharau magonjwa haya. Malaria hulaza mtu kitandani, kipindupindu huua kwa siku moja, lakini mwasho, nani atauogopa? Mtoto akijikuna tunamwambia, "Acha kujikuna," basi yamekwisha. Lakini ukweli ni kwamba mtoto anayejikuna usiku hapati usingizi, shuleni anasinzia, na mikwaruzo ya kucha zake hugeuka vidonda. Vidonda hivyo vinaweza kumharibu figo.

Somo lina maneno mengi, lakini neno kuu ni moja. Ugonjwa wa upele hautibiwi kwa mtu mmoja. Hutibiwa nyumba nzima, kwa siku moja.

KWA NINI MAGONJWA HAYA HUPENDA MAKAZI KAMA YETU?

Kijiji hiki kilijengwa kwa ajili ya familia zilizohamishwa kupisha mradi wa gesi wa Afungi. Vita vilipofika mjini Palma tarehe 24 Machi 2021, maelfu ya watu walikimbilia hapa. Nyumba iliyojengwa kwa familia moja ikalaza familia kadhaa. Watu walilala ubavu kwa ubavu, kapulana moja ikafunika watoto watatu, na wengi walifika na nguo walizovaa tu. Wengine wamekwisha kurudi makwao, wengine bado wapo, lakini fundisho la siku zile limebaki.

Wadudu na vijidudu vya ngozi hupita kutoka mwili mmoja kwenda mwingine pale miili inapogusana kwa muda. Kwa hiyo mkeka mmoja, shuka moja na maji machache ndiyo njia yao. Kupata upele si alama ya uchafu wala ya umaskini. Mtu safi akilala na mwenye upele, ataupata. Usimcheke mwenzako.

UPELE NI NINI?

Upele huletwa na mdudu mdogo sana ambaye ni vigumu kumwona kwa macho. Jike huchimba njia ndani ya ngozi ya juu na kutaga mayai humo. Mwili huchukia mdudu, mayai na kinyesi chake, na hapo ndipo mwasho unapotoka. Kwa kawaida mgonjwa mmoja huwa na wadudu kama 10 hadi 15 tu mwili mzima, lakini hao wachache wanatosha kumnyima usingizi.

Jambo la kukumbuka sana ni hili. Mtu anayepata upele kwa mara ya kwanza huanza kuwashwa baada ya wiki 4 hadi 6. Katika wiki hizo zote ana wadudu, anawapa wenzake, na yeye mwenyewe hajui. Ndiyo maana huwezi kusema, "Mimi siwashwi, sihitaji dawa." Mtu aliyewahi kuugua zamani, akiambukizwa tena huwashwa mapema, baada ya siku 1 hadi 4.

Utautambua upele kwa dalili hizi:

1. Mwasho mkali, unaozidi usiku.
2. Vipele vidogo katikati ya vidole vya mikono, kwenye vifundo vya mikono, viwiko, kwapa, kiuno, kitovu na matako. Kwa wanawake huwa pia kwenye chuchu, kwa wanaume kwenye uume na korodani.
3. Kwa watoto wachanga hutokea pia kichwani, viganjani na kwenye nyayo.
4. Mtu mwingine katika nyumba hiyo naye anajikuna.

Dalili ya nne ina uzito. Mmoja akiwashwa peke yake, huenda ni kitu kingine. Wakiwashwa wawili au watatu wanaolala pamoja, fikiri upele kwanza.

Hapa tuseme neno kwa wenye ndoa. Vipele vya sehemu za siri vimeleta ugomvi katika nyumba nyingi. Mume anamshuku mke, mke anamshuku mume. Ni kweli upele huweza kupita katika tendo la ndoa, lakini hupita vilevile kwa kumbeba mtoto, kumuuguza mzee, au kulala na ndugu katika mkeka mmoja. Kwa hiyo vipele hivyo peke yake si ushahidi wa uzinzi. Nendeni kituoni pamoja, mtibiwe pamoja. Mkiona kidonda au usaha unatoka sehemu za siri, mwambieni mwuguzi bila kuficha, maana huo ni ugonjwa mwingine.

DAWA ZA UPELE

Dawa zipo, na zinaponya. Mhudumu wa afya atachagua mojawapo ya hizi:

Permetrini ni krimu ya kupaka. Hupakwa jioni mwili mzima, kutoka shingoni hadi nyayoni, hukaa saa 8 hadi 14, kisha mtu anaoga asubuhi. Hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Watoto wachanga hupakwa na kichwani pia, lakini si machoni wala mdomoni. Mtoto ambaye hajatimiza miezi miwili asipakwe dawa yoyote kabla ya kuonwa na mwuguzi.

Benzili benzoeti ni dawa nyeupe ya majimaji. Inachoma kidogo ikigusa mikwaruzo. Kwa mtu mzima hutumika kama ilivyo. Kwa watoto lazima ichanganywe na maji, na kadiri mtoto anavyokuwa mdogo ndivyo maji yanavyozidi. Usimpake mtoto dawa ya mtu mzima. Mwulize mwuguzi kipimo, na saa za kukaa nayo mwilini.

Ivermektini ni vidonge vya kumeza. Hupimwa kwa uzito wa mtu, na kwa kawaida humezwa mara mbili, mara ya pili baada ya wiki moja au mbili. Hawapewi wajawazito, wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15.

Marhamu ya salfa ina harufu na inachafua nguo, lakini huwafaa wajawazito na watoto wachanga.

Dawa ya kupaka haipakwi mahali panapowasha tu. Mdudu anaweza kuwa mahali pasipowasha. Pakeni katikati ya vidole, chini ya kucha, nyuma ya masikio, kwenye kitovu, katikati ya matako na chini ya maziwa. Ukinawa mikono kabla ya saa kutimia, paka mikono upya. Wanaoswali wapange wakati wa kupaka baada ya Isha, ili udhu usiiondoe dawa mapema.

SIKU MOJA, NYUMBA NZIMA

Sasa tuone kwa nini watu hutumia dawa na bado upele unarudi. Tuchukue mfano wa nyumba ya watu tisa. Jumatatu mama anampeleka mtoto mmoja kituoni, anapewa dawa, anapona. Usiku analala tena katikati ya kaka zake wawili ambao hawajaanza kuwashwa. Baada ya siku chache anajikuna tena. Mama anasema, "Dawa ya siku hizi ni bovu." Lakini dawa haina kosa. Wadudu walimngoja mtoto mkekani.

Fanyeni hivi:

1. Kabla ya kwenda kituoni, hesabuni watu wote wanaolala katika nyumba hiyo, pamoja na mtoto mchanga, bibi, na mgeni aliyekuja wiki iliyopita. Pelekeni hesabu hiyo kwa mwuguzi, pamoja na umri wa kila mtoto na kama yupo mjamzito.
2. Chagueni jioni moja ambayo wote watakuwepo. Kama baba yuko baharini, ngojeni arudi, mradi msingoje zaidi ya siku chache.
3. Mume mwenye nyumba mbili, nyumba zote mbili zitibiwe siku hiyohiyo. Nyumba moja ikiachwa, atauchukua huku na kuupeleka kule.
4. Jioni hiyo wote wapakwe au wameze dawa, wanaowashwa na wasiowashwa.
5. Asubuhi yake shughulikieni nguo, shuka, kapulana na taulo za siku tatu zilizopita.
6. Wekeni alama ya siku ya kurudia. Mara ya pili ni muhimu kama ya kwanza, kwa sababu huua wadudu walioanguliwa baadaye kutoka kwenye mayai.

Na kama maji ni machache? Msikate tamaa. Mdudu wa upele akitoka mwilini mwa mtu hawezi kuishi zaidi ya siku mbili au tatu. Nguo mlizoweza kufua, fueni kwa maji ya moto na mzianike juani. Zile msizoweza kufua, zitieni ndani ya mfuko wa plastiki, ufungeni vizuri, zikae siku tatu kamili au nne bila kuguswa. Mikeka ianikeni juani, na kama mnayo mingine, msiilalie kwa siku tatu. Hakuna haja ya kuchoma nguo za mtu. Kuna watu waliopoteza kila kitu, msiwachomee na kile kidogo kilichobaki.

Baada ya dawa, mwasho huweza kuendelea kwa wiki 2 hadi 4. Wadudu wamekufa, lakini mabaki yao bado yamo ndani ya ngozi. Msipake dawa kila siku kwa sababu ya mwasho huo, mtaiunguza ngozi. Baada ya wiki 4, kama vipele vipya vinatoka, rudini kituoni.

MFANO WA ZANZIBAR

Labda mtu atauliza kama kweli kutibu watu wote pamoja kunasaidia. Jirani zetu wa pwani wamekwisha kuliona. Kuanzia mwaka 2001 hadi 2006, watu wa Unguja na wa kisiwa cha Pemba (si mji wetu wa Pemba, ni kile kisiwa cha Zanzibar) walipewa dawa kila mwaka, wagonjwa na wazima, ili kuukomesha ugonjwa wa matende na mabusha. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa ivermektini. Dawa haikutolewa kwa ajili ya upele, lakini wataalamu walipochungua vitabu vya vituo vya afya, walikuta wagonjwa wa upele wamepungua kwa zaidi ya theluthi mbili.

Huko Fiji, katika bahari ya Pasifiki, jambo hilo lilijaribiwa makusudi mwaka 2012. Kisiwa ambacho watu wote walipewa ivermektini kilikuwa na upele kwa watu 32 katika kila 100. Baada ya mwaka mmoja walibaki wawili tu katika kila 100. Mahali walipotibiwa wagonjwa na wa nyumbani mwao tu, upele ulipungua kwa nusu hivi. Vidonda vya usaha navyo vilipungua, ingawa hakuna aliyepewa dawa ya vidonda kwa mpango huo.

Sisi hatuna mamlaka ya kutibu wilaya nzima. Lakini kila mzee wa nyumba ana mamlaka juu ya nyumba yake, na majirani wanaochangia uwanja mmoja wanaweza kukubaliana siku moja. Mwalimu wa madrasa akiona watoto watano wanajikuna kwenye mkeka mmoja, awaite wazazi wote, si wazazi wa watano tu.

VIDONDA VYA USAHA NA MAJIPU

Bakteria huingia pale ngozi ilipopasuka, kwa kucha, kwa kuumwa na mbu, au kwa kukatwa na mwiba. Kwa watoto huanza malengelenge madogo, yakipasuka hufanya ukoko wa rangi ya asali, hasa puani, mdomoni na miguuni. Hupita haraka kutoka mtoto hadi mtoto.

Vikiwa vichache, osheni kwa sabuni na maji safi mara mbili kwa siku. Lainisheni ukoko kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, uondoeni taratibu, kisha mfunike kwa kitambaa safi. Kateni kucha za mtoto. Mtoto awe na taulo yake. Vikiwa vingi, au vikiendelea kuenea, mtoto anahitaji dawa ya kumeza au sindano kutoka kituoni. Mkipewa dawa ya siku saba, imalizeni hata kama vidonda vimekauka siku ya tatu.

Jipu likandeni kwa kitambaa cha maji ya moto yanayovumilika, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku, mpaka lipasuke lenyewe. Msilikamue. Kukamua husukuma usaha ndani, na jipu la karibu na pua au mdomo ni la hatari zaidi. Jipu kubwa hupasuliwa kituoni kwa chombo safi.

Sasa turudi kwenye figo. Bakteria mmoja wa vidonda hivi huweza kuuchokoza mwili mpaka figo ziugue. Dalili huja kama wiki tatu baadaye, pengine vidonda vimekwisha kupona na mzazi amesahau. Mtoto anaamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho. Mkojo unakuwa mchache, rangi kama ya chai ya rangi. Ukiona hivyo, usingoje kesho. Na umwambie mwuguzi kwamba mtoto alikuwa na vidonda.

CHOA NA MAPUNYE

Choa huletwa na fangasi. Hufanya baka la mviringo, kingo zimeinuka na zina magamba, katikati pamepoa. Likiwa mwilini hutibiwa kwa marhamu ya Whitfield au krimu ya klotrimazoli, mara mbili kwa siku. Endeleeni kupaka wiki mbili baada ya baka kutoweka, la sivyo litarudi.

Mapunye ni fangasi wa kichwani. Nywele hukatika, ngozi hutoa magamba. Hapa krimu peke yake haifai, maana fangasi wameingia katika mizizi ya nywele. Dawa yake ni vidonge, kwa wiki kadhaa. Watoto wasibadilishane kofia, vitana wala vitambaa vya kichwa. Anayenyoa watoto wengi asitumie wembe mmoja kwa wote.

Jihadharini na krimu za dukani zenye betametazoni. Mwasho hutulia siku ya pili na mtu anafurahi, lakini dawa hiyo huwapa fangasi nafasi ya kuenea. Baka huwa kubwa kuliko lilivyokuwa.

Baka jingine lisilofanana na choa ni baka lenye rangi iliyofifia au nyekundu, lisilowasha, na ukiligusa kwa unyoya au pamba mwenyewe hasikii. Huenda ni ukoma. Ugonjwa huu bado upo kaskazini mwa Msumbiji. Unapona kabisa, dawa zake ni za bure, huchukua miezi 6 au 12. Anayewahi hapati ulemavu. Msimfiche mgonjwa.

MATEKENYA

Wadudu hawa huingia miguuni kutoka kwenye mchanga na vumbi. Tekenya atolewe kwa sindano mpya au iliyochemshwa, kisha pasafishwe kwa sabuni. Sindano isitumiwe na watu wawili, kwa sababu damu hubeba magonjwa mengine, ukiwemo UKIMWI. Ulizeni kama mmepata chanjo ya pepopunda. Vaeni viatu, na nyunyizieni maji sakafu ya udongo kabla ya kufagia.

MAMBO YA KUJIEPUSHA NAYO

Msipake petroli, mafuta ya taa, maji ya betri wala dawa ya kuulia wadudu wa shambani. Vitu hivi huunguza, na dawa za shamba hupita kwenye ngozi na kumdhuru mtoto. Msitie majivu, tumbaku wala kinyesi cha mnyama juu ya kidonda. Msiro ni pambo zuri la mama zetu, lakini usipakwe juu ya kidonda kibichi.

NENDENI KITUONI MARA MOJA MKIONA:

- Homa pamoja na vidonda, au vipele vyenye maji pamoja na homa.
- Ngozi nyekundu, yenye joto na maumivu, inayoenea haraka, au mstari mwekundu unaopanda mkononi au mguuni.
- Uso kuvimba na mkojo kubadilika rangi.
- Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye vipele vya usaha.
- Mzee au mtu dhaifu mwenye magamba mazito mikononi na miguuni, hata kama hawashwi sana. Huo ni upele mkali wenye wadudu maelfu, na huambukiza upesi.

JIPIMENI

1. Kwa nini mtu asiyewashwa naye apewe dawa ya upele?
2. Nguo isiyoweza kufuliwa ifanyweje?
3. Mtoto aliyekuwa na vidonda anaamka uso umevimba. Mtafanya nini?
4. Mapunye yanatibiwa kwa krimu au kwa vidonge?

Majibu: (1) Huenda ana wadudu, maana mwasho huchelewa wiki 4 hadi 6. (2) Ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki siku tatu kamili au nne. (3) Tutampeleka kituoni siku hiyohiyo. (4) Kwa vidonge.

Anayejua kusoma amsomee asiyejua, kwa Kiswahili, Kimwani, Kimakonde au Kimakua. Karatasi ikimaliza kusomwa nyumbani kwenu, ipelekeni nyumba ya pili.